Koti Lililopunguzwa Mara Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Mama kaniletea daftari kutoka kazini kwake posta. Ni la kuorodhesha vifurushi: safu ya kwanza Kutoka, ya pili Kwenda, ya tatu Uzito. Nitaandika juu ya mistari yao, wakitaka waje kunikamata. Kwa taarifa ya atakayelikuta: nina miaka kumi na saba, nina saratani ya mfupa juu kidogo ya goti la kushoto, nimelazwa wodi ya vijana, chumba cha vitanda vinne, na sitaki kukatwa mguu. Hayo ndiyo ya maana. Mengine ni mvua. Imeanza leo asubuhi, na bati la varanda linapiga kelele mpaka mtu husikii unachofikiri.

Vitanda viwili ni vitupu. Kwenye kilichobaki analala mtoto wa miaka kumi na nne mwenye ugonjwa huu huu wangu, mguu wa kulia. Nikifunga kitambaa kichwani, naye anafunga. Nikisema supu ina ladha ya ndoo, naye anasukuma bakuli lake. Nimempa jina la Kupe. Nilidhani atalia. Amecheka, na sasa anajitambulisha kwa wauguzi kwa jina hilo.

Jumanne, 4 Machi

Wodi ina mshauri nasaha, mama wa makamo mwenye sauti ya kulaza watoto. Kila asubuhi anapita na karatasi zake akiuliza, "Umeamkaje moyoni, mwanangu? Moja mpaka kumi." Ukitaja chini ya tano, anavuta kiti. Ukitaja juu ya nane anakushuku, anavuta kiti vilevile. Sita na saba ndizo zinazomfukuza. Nimemfundisha Kupe.

"Saba," Kupe kamjibu leo, kabla hata hajaulizwa.

Jumatano, 5 Machi

Mpasuaji kapita. Hana muda wa kumbembeleza mtu, na kwa hilo nampenda kidogo. Alisimama mwisho wa kitanda akasema nitapata mizunguko miwili zaidi ya dawa, kisha mguu ukatwe juu ya goti kabla Aprili haijaisha. Ukiachwa, ugonjwa unapanda mapafuni, na ukishafika huko yeye na kisu chake hawana kazi tena. Mama atatia sahihi kwenye fomu, na chini ya jina lake kuna nafasi yangu mimi.

"Mtu wa umri wako simkati kwa nguvu," akasema.

Mama aliomba kalamu papo hapo. Mimi nikageukia ukutani.

Alhamisi, 6 Machi

Mshauri kaona maneno yake yananipita, sasa kaniletea mtu.

Aliingia kwa magongo, dada wa miaka ishirini na miwili hivi, kopo la biskuti kwenye mkoba begani. Akaketi kwenye kitanda kitupu, akafungua mikanda, akavua mguu wa bandia na kuuegemeza kwenye kabati langu bila kuomba ruhusa.

"Unabana nikikaa," akasema. "Haya, nguo zinazowapwaya ziko wapi?"

Ni fundi cherehani. Kopo lile lina sindano, nyuzi, chaki na futi kamba. Kila Alhamisi, saa nane mpaka saa kumi, wakati wa wageni, atakuja kupunguza nguo zetu na kutufundisha tukitaka. Mshauri ana jina refu la mpango huu, ndani yake mna "ubora" na "maisha". Fundi mwenyewe hakulitaja.

"Mgonjwa akikonda, nguo ndiyo inayomsema," alisema akinibana gauni kiunoni kwa pini. "Mama anaingia, anaona gauni limening'inia, anaanza kulia. Mimi kazi yangu ni kuifunga nguo mdomo."

"Na mguu wako nani aliufunga mdomo?" nikamwuliza.

Mshauri alishtuka. Fundi akacheka mpaka pini ikamdondoka.

"Nilikatwa nikiwa na umri wako. Mwezi huu inatimia miaka mitano."

"Na cherehani unaiendeshaje?"

"Ya miguu? Kwa mguu mmoja. Mashine haijui kuhesabu."

Nilitaka kumchukia nikashindwa, na jambo hilo limeniudhi mpaka sasa.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Sita.

Alhamisi, 13 Machi

Nimejifunza kufumua mshono bila kuchana kitambaa. Nilipomaliza kupunguza sketi ya Kupe nikachukua mkasi nikate kilichozidi kwa ndani. Fundi akanipiga kofi la mkononi.

"Weka chini! Fundi hakati. Unakikunja, unakiacha humo humo ndani. Mtu akinenepa tena, tunafumua tunamrudishia."

"Asiponenepa?"

"Kitakaa. Kwani kinakula?"

Akaigeuza sketi ndani nje na kuiweka kwenye mwanga wa dirisha. Mshono wa zamani ulipokuwa pamebaki vitundu vya sindano, mstari mzima. Ukitaka kujua nguo imepunguzwa mara ngapi, alisema, hesabu mistari.

Baba yake Kupe alikuwepo. Ni mwashi, saruji imemganda kwenye kucha, na anaketi ukingoni mwa kitanda kama anaogopa kukichafua. Mpasuaji kamwambia kuhusu binti yake yale yale aliyotuambia sisi. Alimsikiliza Fundi saa nzima, kisha akanigeukia mimi.

"Dada yake, wewe ndiwe mwenye akili humu ndani. Huyu hasikii la mtu mwingine. Ukikubali wewe, na sisi tutakubali."

"Mimi kama dada," akasema Kupe.

Mzee mzima mwenye mvi kanitwika mguu wa mtoto wake. Nilimwambia basi atasubiri sana.

Jumanne, 18 Machi

Dawa nyekundu imeingia tangu jana. Mkojo umekuwa mwekundu. Kupe kaja kuchungulia, kaenda kuangalia wa kwake, karudi anajivuna kwamba wake umezidi.

Jumatano, 19 Machi

Natapika.

Alhamisi, 20 Machi

Fundi hakuja. Leo ndiyo anapimwa vipimo vya mwaka wa tano. Akivuka hapa, anasema, madaktari watamwita mzima. Kupe amekaa dirishani mchana kutwa anatazama lango na mvua. Nimemwambia aache ushamba, kisha nikatazama naye.

Alhamisi, 27 Machi

Kaja! Kavaa koti refu la kahawia kwa sababu ya baridi ya mvua.

"Vipimo?" nikamwuliza kabla hajakaa.

"Safi."

"Kweli?"

"Safi kabisa, mdogo wangu. Nimevuka."

Mshauri alikuwa ameshika kopo la sindano. Aliliweka chini akatoka nje haraka. Kupe kasema kaenda kulia kwa furaha, na mimi nikaamini. Fundi katushonea vifungo saa zote mbili akiimba, sauti yake mbaya sana. Nimefurahi leo. Naliandika hili kwa kuwa sijui litarudi lini.

Jumapili, 30 Machi

Nimekula bakuli zima. Mama kapiga picha bakuli.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimekubali.

Sikupanga. Fundi alikuwa ananipima paja, futi kamba imezunguka pale pale Mpasuaji alipochora pa kukatia, na mimi nikamwuliza kama kweli baada ya miaka mitano mtu husahau. Akasema hasahau, ila siku nyingine anagombana na watu mpaka jioni ndipo anakumbuka kwamba hana mguu. Nikaona mimi ninavyopenda kugombana, haya yatanifaa.

"Tarehe kumi na nne," nikamwambia Mshauri. "Jumatatu. Leteni fomu yenu."

Mama alikaa chini, kwenye sakafu kabisa. Baba yake Kupe akavua kofia akasema na wao watatia sahihi siku hiyo hiyo, fomu mbili meza moja. Kupe akauliza kama tutapata vitanda vya karibu tukishakatwa. Fundi hakututazama. Alikuwa anakunja futi kamba, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Jumatatu, 7 Aprili

Mshauri: moja mpaka kumi? Nimempa nane ya kweli. Kavuta kiti akanishika mkono, na mikono yake ilikuwa ya baridi.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika yote, hata kama mkono utauma.

Saa nane na nusu Fundi alishikwa na kikohozi. Kilikuwa kirefu. Akavua koti, akaliacha kwenye kiti, akaenda bafuni kunywa maji. Mama alikuwepo, baba yake Kupe alikuwepo, Mshauri alikuwepo. Mimi nililichukua lile koti kwa ajili ya ufundi tu, nikitaka kuona bitana inashikizwaje. Nikaligeuza ndani nje, nikaliweka kwenye mwanga.

Mistari mitatu. Kila mmoja umeingia ndani upana wa kidole kutoka kwa ule wa kabla yake. Wa mwisho chaki yake haijafutika. Na kitambaa chote kilichozidi kimekunjwa vizuri, kimeachwa humo humo ndani. Kajiachia kitambaa cha kunenepea.

Nilihesabu mara ya pili. Mimi ni mtu niliyekonda, najua ni kilo ngapi zinatoka mpaka koti liingie vidole vitatu kila upande. Mtu aliyevuka hakondi hivyo.

Fundi alirudi akijifuta mdomo. Nikalinyanyua.

"Ulianza kulipunguza lini?"

Akalitazama koti, akanitazama mimi. Angeweza kudanganya. Nafikiri alikuwa amechoka.

"Januari."

"Na huu wa chaki?"

"Jumapili."

"Vipimo vilisemaje?"

"Mdogo wangu, twende nje tuongee."

"Vilisemaje?"

"Mapafuni," akasema. "Pande zote mbili."

Mama alisema "Jamani," basi. Nikamgeukia Mshauri. Sikuhitaji kumwuliza, alikuwa anatazama viatu vyake.

Sikupaza sauti. Nilisema taratibu, ili kila mtu asikie kila neno. "Kwa hiyo mmeniletea maiti inifundishe kuishi. Na maiti yenyewe haijatimia, imepungua kipande." Kupe akacheka, maana amezoea kucheka nikisema. Nikaendelea, kwa kuwa nilikuwa nimepata mwendo. Nikasema wanatuuzia kifo kile kile, tofauti ni kwamba kwanza wanachukua mguu. Nikasema huyu alikatwa na bado anakufa, sasa mguu ulikuwa wa nini, wa kumfurahisha daktari? Nikamwambia Fundi asinikoholee.

Baba yake Kupe alikuwa amesimama. Alimwuliza Mshauri, "Ni kweli mlijua?" Mshauri akafungua mdomo, akasema tu, "Baba, kila mgonjwa ni tofauti." Bora angenyamaza.

Fundi akaketi kuvaa mguu wake. Mikanda ni minne na ilimchukua muda, na sote tulikuwa tunatazama. Alinyoosha mkono nikampa koti. Nilimpa hivyo hivyo ndani nje, naye akalivaa hivyo hivyo, mistari yote mitatu ikionekana, akatoka.

Nasema ukweli kwa kuwa hili ni daftari langu: nilisikia raha. Tangu nilipougua Januari sijawahi kujisikia mwenye nguvu kama leo.

Ijumaa, 11 Aprili

Kupe kaondoka. Baba yake kaja na mfuko wa saruji uliooshwa, kaweka nguo zake humo. Wauguzi walimsihi, Mpasuaji mwenyewe alishuka kumsihi. Kasema atamkanda nyumbani kwa mafuta ya moto, na kwamba binti yake akifa atakufa na viungo vyake vyote.

"Asante, binti yangu," kaniambia. "Umetufumbua macho."

Kupe alinikumbatia akachafua shingo yangu kwa makamasi. "Na wewe toroka, dada," akaninong'oneza. Nilimpa kitambaa changu cha kichwani. Nimemwokoa mtu leo.

Jumatatu, 14 Aprili

Siku ya sahihi. Sijatia.

Mshauri kaja bila karatasi zake. Akaketi mwenyewe, hakuuliza namba.

"Yeye alitaka kukuambia siku ile ile ya majibu," akasema. "Mimi ndiye niliyemsihi asubiri utie sahihi kwanza."

"Kwa nini?"

"Nilitaka uishi."

"Mngeniambia, ningechagua mwenyewe."

"Umeambiwa, mwanangu. Na umechagua."

Nikammwagia chai. Ilikuwa imepoa, bahati yake.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Chumba kizima ni changu. Hakuna anayesukuma bakuli nikisukuma.

Alhamisi, 17 Aprili

Saa nane mpaka saa kumi. Mama na mimi tumetazamana.

Jumatatu, 21 Aprili

Mpasuaji kasema ana nafasi moja, Jumatano ya tarehe thelathini. Baada ya hapo hataki nimlaumu mtu. Nikamwuliza habari za Kupe. Akasema, "Yule sina habari zake, na saa hailali," akaenda zake. Mama analala kwenye kiti, kajikunja, viatu miguuni. Amezeeka ndani ya mwezi mmoja. Nimeliona leo na likanikera, kana kwamba amefanya makusudi.

Alhamisi, 24 Aprili

Fundi amelazwa wodi ya wanawake, ghorofa ya chini. Nilimsikia muuguzi akisema. Nikaomba kiti cha magurudumu, nikamwambia Mama naenda kupunga upepo. Uongo. Nilikwenda kummaliza, maana tangu ile Alhamisi nilikuwa nimebuni maneno mengine mazuri zaidi.

Alikuwa na mpira wa hewa puani. Mguu wa bandia hawakumwachia, sijui wameuweka wapi. Akaniona kabla sijafika kitandani.

"Umekuja kuhesabu mistari?"

Maneno yangu yote yakanitoka. "Ulinidanganya," nikasema tu.

"Nilikudanganya. Ukinipa pumzi nitakudanganya tena kesho." Aliongea kwa vipande, akisubiri hewa. Na alikuwa na hasira, jambo ambalo sikulitegemea, nilidhani wanaokufa huwa wapole. "Unajua mimi nilishauriwa na nani? Nililala nina miguu miwili nikaamka na mmoja. Baba alitia sahihi akaona haya kuniambia. Wewe unabembelezwa, unaletewa mtu na kopo la sindano, unanuna."

"Na ulikufaa nini? Si unakufa?"

"Nilipata mitano." Akanionyesha vidole, kama mimi ni mtoto mdogo. "Tulikuwa wanne chumbani. Watatu walikataa. Hakuna aliyeumaliza mwaka. Mimi nimejifunza kazi. Nimegombana na dada yangu tukapatana, tukagombana tena. Nimependwa na mwanamume mpumbavu, na nikamwacha mimi, siyo yeye kuniacha. Kuna msichana alikuwa akiniigiza ninavyochechemea. Alipoolewa akaja nimshonee gauni. Nilimbana kifuani makusudi, siku nzima hakuweza kucheka." Akacheka yeye, na kile kicheko kikawa kikohozi, muuguzi akaja akanikazia macho.

Kilipotulia akauliza, "Yule mtoto yuko wapi?"

"Kwao."

"Kakatwa?"

"Hapana."

Akafumba macho. Nilidhani amelala.

"Basi mpigie simu," akasema. "Mimi pumzi sina. Na wewe usiniombe msamaha, sina nafasi ya kuuweka."

Nimerudi juu nikakaa na daftari hili saa nzima. Sikumwonea huruma. Nimemwonea wivu. Anakufa, na mimi namwonea wivu kwa gauni moja la harusi. Naitaka hiyo mitano. Nataka kuwa na mwanamume mpumbavu wa kumwacha.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimetia sahihi. Mama alipapasa jina langu kwa kidole, wino ukaenea.

Kuhusu Kupe: nitampigia nikishakatwa. Nikipiga sasa nitasema nini, kwamba nakusudia? Heri niwe na cha kumwonyesha.

Jumapili, 4 Mei

Mguu umekwenda. Siwezi kuandika mengi. Kidole gumba cha mguu usiokuwepo kinawasha mpaka natukana. Mshauri kauliza namba, nikasema mbili. Akavuta kiti akaketi karibu saa nzima, na hakusema hata neno moja. Sikujua kwamba anaweza.

Jumanne, 6 Mei

Fundi amefariki asubuhi. Mimi nimeambiwa saa nane mchana. Nilimwuliza Mshauri kwa nini kachelewa, akasema alitaka nile kwanza. Hatajifunza huyu mama. Nikamlilia kwenye blauzi yake hata hivyo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

Ijumaa, 9 Mei

Nimempigia Kupe leo.

Nilimwambia Mshauri asubuhi, naye akatafuta namba kwenye faili, akapiga kwa simu yake na kunipa. Mama alikuwa dirishani. Mvua ilikuwa imekatika kidogo, mtu ungeweza kusikia vizuri. Iliita kwa muda mrefu, kisha akapokea mwenyewe.

"Haloo?"

"Kupe."

"Dada!" Alipiga kelele mpaka nikaondoa simu sikioni. "Dada ni wewe! Nilijua tu!"

Sauti yake ni nzuri, imenenepa. Akanimwagia habari zote bila kuvuta pumzi. Anakula. Nywele zimeanza kuota, laini. Hatapiki tena. Anakandwa asubuhi na jioni, na jirani kamtengenezea kiti cha kukaa nje. Sikumsikia akiwa na furaha hivi hata siku moja humu wodini.

"Na mguu?"

"Umevimba kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Suruali haipiti. Navaa gauni." Akacheka. "Lakini upo, dada! Usingesema siku ile, ningekuwa sina."

Nikashika kitanda. "Kupe, nisikilize. Mimi nimekatwa."

"Walikushika kwa nguvu?"

"Nilitia sahihi mwenyewe."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, najua kueleza nikitaka. Nikamwambia kuhusu ile miaka mitano na wale watatu waliokataa. Nikamwambia uvimbe unaofanya suruali isipite ndio huo huo unaopanda mapafuni, na kwamba Mpasuaji kasema atamwona hata kesho asubuhi, bado pana nafasi. Nikasema neno ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, wala Mama. "Nilikosea."

"Lakini ulisema wanatudanganya," akasema.

"Walidanganya lile. Hili ni kweli."

"Nitajuaje?"

"Kwa kuwa ni mimi nakuambia."

Akafikiri. Nilimsikia akifikiri, anapumua kwa mdomo kama anavyofanya akitunga uzi kwenye sindano. Nikaona anakuja upande wangu. Nikaona kabisa anakuja.

"Dada, Mshauri yuko hapo?"

Mshauri alikuwa kwenye kiti mbele yangu, kiganja mdomoni. Akatikisa kichwa, sijui alimaanisha niseme hayupo au nisidanganye. Mimi nikawaza, nikisema yupo nimempoteza mtoto.

"Hayupo," nikasema. "Niko peke yangu."

"Kweli?"

"Kweli."

"Hii namba ni yake, dada," akasema. "Baba kaiandika ukutani, ili tusiipokee. Mimi nimepokea kwa sababu nilidhani labda ni wewe."

Hakusema kwa hasira. Alisema polepole, kama mtu anayemsubiri mwenzake ajirekebishe. Kisha akakata.

Tumepiga tena mara sita. Mama kapiga kwa simu yake, nayo inaita mpaka inakatika. Mshauri kasema kesho atakwenda kwao mwenyewe, nikamwambia hawatamfungulia mlango. Nikasema nitakwenda mimi, akiniona mlangoni atafungua. Mpasuaji kasema kidonda hakiruhusu kabla ya wiki sita.